Mlima Ule Nyuma ya Bweni

(Hotuba iliyosomwa na mwanafunzi wa zamani, mtumishi wa Serikali, katika mkutano wa mwaka wa Umoja wetu. Imechapwa kama ilivyosomwa, ila salamu za utangulizi zimefupishwa.)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu wa zamani na wa sasa, ndugu wanafunzi wa zamani, na ninyi vijana mlioketi huko nyuma mkiomba hotuba iwe fupi ili pilau iletwe. (Kicheko.)

Ndugu Katibu aliponipigia simu alinitaka nizungumze jambo lolote litakalowafaa wakubwa na wadogo. Nikamwambia nitazungumzia mapumziko. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kwa upole kama nimeshastaafu. La, sijastaafu. Umri wangu ni miaka arobaini na sita, faili bado zinanisubiri mezani, na Mwenyezi Mungu akipenda zitanisubiri miaka mingine kumi na zaidi. Nimechagua jambo hili kwa sababu ya agenda namba saba mliyo nayo mikononi, ile inayopendekeza kwamba mkutano wetu wa mwakani ufanyike Zanzibar, siku nne, katika hoteli ya ufukweni, kila mwanachama akijilipia mwenyewe pamoja na familia yake. Sipendi kuwazungusha. Nimesimama hapa kuwaomba mlikatae pendekezo hilo, na katika muda niliopewa nitajaribu kueleza kwa nini.

Kwanza niiondoe hofu ya wenzetu wa Visiwani waliomo humu. Sina ugomvi na Zanzibar. Nimekwenda mara mbili na nikipata nafasi nitakwenda ya tatu. Ninachopinga ni lile wazo lililojificha nyuma ya agenda, kwamba mtu hawezi kupumzika mpaka apande chombo.

Wazo hili tumelirithi, nasi hatukuuliza tumelirithi kwa nani. Ofisa wa Kiingereza aliyeletwa Tanganyika alihesabiwa kwamba hapa ni kazini na kwao ni Uingereza. Muda wake ulipotimia alikatiwa tiketi ya meli, akaenda kukaa kwao miezi kadhaa. Likizo na safari vikawa kitu kimoja. Uhuru ukaja, ofisa akaondoka, lakini wazo lake likabaki ofisini pamoja na kabati na mihuri. Mpaka leo mtumishi ana siku zake 28 kwa mwaka, na kila mwaka wa pili Serikali humlipia nauli yeye na familia yake. Sisemi nauli hiyo ifutwe, msije mkanipeleka kwa chama cha wafanyakazi! (Kicheko.) Kwenda kuwaona wazazi ni jambo la heri. Lakini tuambizane kweli: ni nani kati yetu aliyewahi kwenda likizo kijijini akarudi amepumzika? Unafika umechoka na basi, unakuta kikao cha ukoo kinakusubiri, nyumba ya mzee inavuja, mtoto wa shangazi hana ada. Ukirudi kazini unahitaji likizo nyingine. Na wake zetu ndio kabisa. Wao likizo yao ni kutoka jiko moja kwenda jiko jingine.

Ajabu ni kwamba wageni wale wale, walipokuwa wakingoja meli yao, walijua sana kupumzika karibu. Wajerumani walijenga nyumba pale Morningside, juu ya mji huu huu, kwenye upepo wa baridi. Kule Usambara mji wa Lushoto, ambao wao waliuita Wilhelmstal, waliufanya mahali pa kuikimbia joto ya pwani. Hawakuhitaji siku nne wala boti. Sisi tuliozaliwa chini ya milima hii, au tuliolelewa chini yake kwa miaka minne au sita ya bweni, tumeichukua ile safari ndefu yao tukaiacha ile fupi.

Ninaye mtumishi mwenzangu, jina lake nalihifadhi, ambaye mwaka juzi alikopa katika chama cha akiba na mikopo ili aipeleke familia ufukweni wiki moja. Siku ya kwanza walifika usiku. Siku ya pili ilinyesha. Siku ya tatu mtoto mdogo aliungua jua, na siku ya nne mzee alianza kupiga hesabu ya pesa zilizobaki, hesabu ambayo haikukoma mpaka waliporudi. Mkopo ule alimaliza kuulipa baada ya miezi kumi na minane. Nilimwuliza anakumbuka nini katika safari ile. Alifikiri, akasema anakumbuka asubuhi moja alipoamka kabla ya wenzake, akatembea peke yake mchangani kama saa moja, hakuna aliyemwita. Saa moja! Ile saa moja ndiyo aliyoinunua kwa miezi kumi na minane.

Ndugu Mwenyekiti, asubuhi ya leo tumesimama dakika moja kuwakumbuka wenzetu waliotangulia. Wengi wenu mnajua, kama ninavyojua mimi, kwamba baadhi ya majina yale yaliondolewa na kiharusi na maradhi ya moyo, na wenyewe hawajafika hamsini. Nilipokuwa na miaka arobaini na moja daktari alinifunga ule mpira mkononi, akautazama mshale, akafunga tena. Kisha akaniuliza kazi yangu. Nikasema ni mchumi katika ofisi ya Serikali. Akauliza natembea kiasi gani kwa siku. Nikamwambia kutoka mlangoni hadi kwenye gari, na kutoka kwenye gari hadi mezani. Akaandika dawa, lakini kabla ya kunipa karatasi akanionyesha dirishani. Chumba chake kilitazama Lupanga. Akasema: "Ule pale ni bure." Tangu siku ile nusu ya dawa yangu naifuata kule. Nusu nyingine bado naimeza, msije mkaacha vidonge vyenu mkasema mimi ndiye niliyewaambia.

Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anahitaji walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa haraka kumo. Gawanya kwa siku tano, ni nusu saa. Hakuna hoteli inayohitajika.

Lakini sikuja kuwatangazia dawa. Mtu akitembea kwa ajili ya mshipa wake tu atachoka mapema. Mwaka 1984 mtafiti wa Kimarekani, Roger Ulrich, alichapisha katika jarida la Science habari ya wagonjwa 46 waliopasuliwa kifuko cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania. Wote walipata upasuaji wa namna moja, ila wengine dirisha lao lilitazama miti na wengine lilitazama ukuta wa matofali. Wale wa miti walitoka hospitali mapema kidogo, na walihitaji dawa kali za maumivu mara chache zaidi. Nao Wajapani, mwaka 1982, Idara yao ya Misitu ilianza kuwahimiza raia waende msituni kutembea polepole na kuvuta hewa, na jambo hilo wakalipa jina ambalo kwa lugha yetu ni kuoga msitu. Bibi zetu wa Kiluguru wangecheka kusikia kwamba jambo hili lilihitaji idara.

Sasa niwachukue mlimani kidogo, maana naona wengi wenu mmeuangalia mlima huu miaka yote bila kuuingia. Vijana, naomba mnyooshe mikono: ni wangapi mmewahi kufika Morningside? (Mikono michache.) Lupanga je, kileleni? (Mikono miwili.) Mnaona, Ndugu Mkuu wa Shule. Wamekaa chini yake, wanausoma katika jiografia, wanaujibu katika mtihani, na hawajaukanyaga.

Jina lenyewe Waluguru maana yake ni watu wa milimani. Mji wetu uko kama mita 500 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga, hicho mnachokiona kila asubuhi mkipiga mswaki, kiko mita 2,138. Hewa hupoa kama digrii sita kwa kila mita elfu moja unazopanda. Maana yake, kati ya bweni na kilele kuna tofauti ya digrii tisa au kumi. Mtu anayetoka kwenye joto la Msamvu mwezi wa kumi na mbili anaweza kuvaa sweta kabla ya chakula cha mchana, na bado analiona paa la nyumba yake.

Ukianza mapema juu ya Boma, saa kumi na mbili na nusu, kwanza unakutana na watu wanaoshuka. Hili ndilo jambo la kwanza linalomshangaza mgeni: wewe unapanda kutafuta raha, na mama amekwisha shuka na mkungu wa ndizi kichwani na mtoto mgongoni, anawahi soko. Mpishe njia, yeye ndiye mwenye haki. Kushoto unausikia Mto Morogoro kabla hujauona. Mashamba yamening'inia kwenye mteremko mpaka unajiuliza mkulima anajifunga na nini asianguke: mahindi, maharage, ndizi, majimbi kwenye unyevu. Ukipita kijiji cha Ruvuma pumzi inaanza kukuuma, na hapo ndipo wengi husema tumetosha. Msikubali. Kaeni juu ya jiwe, kunyweni maji, geukeni nyuma. Mji wote uko chini ya miguu yenu, reli ile ya zamani na ile mpya, barabara ya Iringa na ya Dodoma, Mindu upande mmoja, na Bwawa la Mindu likimeta kama sahani ya bati. Matatizo yenu yote yako mle ndani, na kutoka pale hayaonekani.

Baada ya Morningside mashamba yanakwisha na msitu unaanza ghafla, kama mtu aliyefunga mlango. Mwanga unageuka kijani. Kelele za mji zinakatika. Msitu huu umo katika milima inayoitwa Tao la Mashariki, inayoanzia Taita kule Kenya, ikapita Pare, Usambara, Nguru na hapa kwetu hadi Udzungwa. Ni misitu ya zamani mno, iliyobaki na unyevu wake kwa sababu ya upepo wa Bahari ya Hindi, na kwa kuwa kila mlima ulikaa peke yake kama kisiwa, viumbe vyake navyo vikawa vya peke yake. Yuko ndege mmoja mwenye kofia nyeusi, mgongo wa kijani na kifua cha manjano, anayeishi Uluguru tu, wala hayupo mahali pengine duniani. Yuko na chozi wa aina yake, ambaye naye hapatikani nje ya milima hii. Wapo vyura wanaozaa watoto badala ya kutaga mayai majini, na nawaomba vijana wa baiolojia mwulizeni mwalimu wenu kwa nini chura wa mlimani afanye hivyo. Watu huvuka bahari wakiwa na darubini shingoni, wakalala mjini kwetu wiki nzima, ili wamwone yule ndege mara moja. Sisi tunalala karibu naye mwaka mzima, halafu tunapanga kwenda kupumzika kwingine.

Sitawadanganya kwamba njia ya Lupanga ni ya matembezi ya jioni. Ni mwinuko mkali, kuna mahali utashika mizizi kwa mikono, na wakati wa masika matope yake yanatelezesha kama sabuni. Ni kazi ya siku nzima kwa mtu wa umri wangu. Ndiyo sababu nasema, asiyeweza Lupanga aende Morningside, asiyeweza Morningside aishie mtoni, na asiyeweza mto akae chini ya mwembe wa nyumbani kwake bila simu. Yote ni nje, yote ni karibu.

Ninyi wa mjini mmezoea kuuita mji huu "mji kasoro bahari". Ni sifa nzuri, na mji uliotuletea Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, una haki ya kujisifu. Lakini usemi huu umetudhuru kidogo, maana umetufanya tuhisi tuna pengo na pengo hilo lazima tulifuate Dar es Salaam au Unguja. Hebu tazameni mambo yalivyo. Upepo wa bahari unakuja na unyevu mpaka unagonga Uluguru upande wa Matombo na Kinole, na kule mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka. Ndiyo maana kuna viungo, ndizi na maporomoko ya maji kila kona. Maji yale yanakusanyika yanakuwa Ruvu, na Ruvu inashuka mpaka Bagamoyo inarudi baharini. Njiani inawanywesha watu wa Dar es Salaam. Oktoba 2022 Ruvu ilipopungua, Dar es Salaam ikaingia katika mgao wa maji, na ndugu zetu wa kule waliokuwa hawajawahi kuwaza habari za Uluguru wakazikumbuka huku wamebeba ndoo. Kwa hiyo bahari inakuja kwetu kila mwaka, na inarudi kwa njia yetu. Mimi sioni kasoro.

Hapo naomba niseme neno juu ya wenyewe wa mlima, maana sisi wasomi tuna tabia ya kwenda mahali pa watu kama tunakwenda bustanini. Mwaka jana tulipanda na wenzangu watatu, tumevaa viatu vya mazoezi na fimbo za kununua. Tukamkuta mzee mmoja juu ya Ruvuma anachonga mpini.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wanangu. Mmepoteza nini huko juu?"

"Hatukupoteza kitu, babu. Tunatembea tu."

"Mnatembea kwenda wapi?"

"Tukifika juu tunarudi."

Akatutazama, akautazama mpini wake, akasema: "Basi kazi za ofisini ni mbaya kuliko nilivyosikia." (Kicheko kirefu.) Kisha akampigia kelele mjukuu wake atuletee ndizi mbivu, na pesa akakataa. Tulipolazimisha, akamwambia mtoto azipokee "kwa ajili ya daftari".

Mzee yule anao sababu ya kuwatilia shaka watu wanaopanda na mipango yao. Baada ya Vita Kuu ya Pili Serikali ya kikoloni ilileta Uluguru mpango wa kuwalazimisha wakulima wachimbe matuta ya ngazi kuzuia mmomonyoko. Kuhifadhi udongo ni jambo jema, lakini kwa amri, kwa faini, na katika udongo ambao mahali pengi haukufaa kwa namna ile, watu walichoka, na mwaka 1955 walikataa hadharani. Mpango ukafa. Sasa msitu wa juu ni Hifadhi ya Mazingira Asilia tangu mwaka 2008, na unatunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu. Kwa hiyo tunaopanda tuna wenyeji wa aina mbili: wanakijiji, ambao tunawaamkia na kununua ndizi zao, na wahifadhi, ambao tunapita ofisini kwao mjini, tunalipa ada na kuchukua mwongozaji. Redio kubwa tuache nyumbani. Na moto, vijana, moto! Kiangazi nyasi za mteremko ni baruti. Kijiti kimoja cha kibiriti kilichotupwa na mtu wa matembezi kinaweza kula usiku mmoja kile ambacho msitu ulikijenga tangu kabla ya babu zetu.

Narudi kwenu vijana, kwa sababu kwa kweli agenda namba saba ni yenu zaidi kuliko yetu. Sisi tukienda Zanzibar mtatuona katika picha. Zamani zetu, miaka ya tisini, palikuwa na desturi kwamba Jumamosi moja kila muhula mwalimu wa jiografia aliwapandisha kidato cha tatu. Tulibeba viazi vya kuchemsha ndani ya mfuko wa sukari na dumu la maji kwa zamu. Wapo waliolia njiani, na leo ni wakurugenzi, siwataji. (Kicheko.) Palikuwa na mwenzetu mmoja kutoka mkoa wa tambarare kabisa, hajaona mlima maisha yake, akafika juu akakaa kimya muda mrefu, mpaka tukadhani anaumwa. Miaka mingi baadaye alifiwa na mkewe. Alinipigia simu akaniuliza kama njia ile bado ipo. Nikamwambia ipo. Akaja kwa basi la usiku, tukapanda wawili, hatukuzungumza maneno ishirini. Jioni akarudi kwake. Wakati ule sikuweza kumpa msaada mwingine wowote, na yeye hakutaka mwingine.

Desturi ile imekufa. Sijui ni kwa sababu ya vipindi vya ziada, au hofu ya wazazi, au upungufu wa walimu, na simlaumu mtu. Lakini tunafundisha kijana kufaulu, kisha anatoka hapa akiwa na cheti na hajui jambo moja la kufanya na moyo wake siku utakapolemewa. Atajifunza mahali pengine, na tunajua mahali penyewe ni wapi, maana pako mengi kuanzia Msamvu mpaka Kihonda na pana taa za rangi.

Najua majibu mliyo nayo. Ndugu yetu wa meza ya mbele amekwisha niambia wakati wa chai kwamba Morogoro ni mbali kwa wanaoishi Dar es Salaam. Ndugu yangu, tangu tarehe 14 Juni 2024 treni ya umeme inabeba abiria kutoka Dar es Salaam hadi hapa, na unafika chini ya saa mbili. Kuna siku utatumia muda mrefu zaidi kutoka Mbagala kwenda Mwenge. Walioko Dodoma nao treni hiyo hiyo inawaleta. Mwingine ameniambia kwamba wake zetu hawatakubali kuletwa kupanda mlima. Waulizeni kwanza. Mke wangu ndiye anayeniamsha, na hunisubiri penye miinuko.

Wapo wanaosema kwamba Morogoro tumeizoea. Hili ndilo jibu gumu, nami naliheshimu. Ni kweli kwamba macho huchoka na kitu kinachokaa mbele yake kila siku, na ni kweli kwamba ugeni wa mahali huamsha mtu. Ila nimepanda njia ile ile ya Morningside zaidi ya mara sitini sasa, na sijaikuta siku mbili zinazofanana. Kuna siku ukungu umelala chini na wewe uko juu ya jua. Kuna siku kima wanagombana juu ya mti mpaka majani yanakudondokea. Kuna siku hakuna kitu, ila umechoka vizuri, ukalala bila kuziota barua za Hazina. Kama tumeizoea Morogoro, tumeizoea barabara ya kwenda kazini na kurudi. Kwingine bado sana.

Kwa hiyo naleta hoja ifuatayo, na Katibu aiandike. Mkutano wa mwakani ufanyike hapa shuleni, mwezi wa nane, wakati wa kiangazi, tulale katika mabweni yetu ya zamani vijana wakiwa likizo. Siku ya kwanza mkutano, siku ya pili mlima, kila mtu kwa kiwango chake. Kiasi cha fedha ambacho kila mmoja wetu angelipia hoteli, atoe sehemu ya kumi tu ya hicho kwa mfuko wa kuifufua Jumamosi ya kidato cha tatu: ada ya hifadhi, mwongozaji, sanduku la huduma ya kwanza, na viatu kwa mtoto asiye navyo. Ndugu Mkuu wa Shule nimekwisha zungumza naye, na ameniambia kwamba walimu wawili wako tayari kuongozana nao fedha ikipatikana. Zanzibar ibaki kwa atakayetaka, kwa wakati wake na kwa mfuko wake.

Kura itapigwa baada ya chakula. Lakini kwa wasiotaka kungoja mwakani, kesho Jumapili tunapanda mpaka Morningside, vibali vya watu ishirini nimekwisha chukua, na mpaka sasa waliojiandikisha ni kumi na watatu, sita kati yao wanafunzi wenye ruhusa ya mwalimu wa zamu. Tunakutana getini saa kumi na mbili kamili asubuhi. Watakaotaka kusali kwanza misa ya alfajiri tutawangoja hadi saa moja na robo, si zaidi. Njoo na maji lita moja na nusu, kofia, na kitu cha kula kisichomwagika. Viatu viwe vya soli yenye meno, maana juzi kulinyesha. Mwenye dawa za kumeza asubuhi ameze kabla hatujaondoka, na anieleze, ili tutembee pamoja nyuma. Daftari la majina liko kwa Katibu, pale karibu na sufuria ya pilau. (Makofi.)